Tahadhari ya upepo ni pembejeo, kazi ipo kwenye kuilipia

KWA karne nyingi wakazi wa mwambao wa Tanzania wamepanga kazi zao kwa kufuata pepo mbili. Kaskazi huvuma kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, kisha hupisha kusi, ambao hutawala hadi Septemba au Oktoba. Pepo hizo zinapobadilishana ndipo mvua za masika na vuli hunyesha.

Kalenda hiyo bado inategemewa. Hata hivyo, haimwelezi mvuvi wa Kilwa iwapo kesho bahari itachafuka, wala haimwelezi mkulima wa ufuta kama amebakiwa na siku tatu au moja ya kuvuna.

Pengo hilo huzibwa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), ambayo hutoa utabiri wa kila msimu wa mvua pamoja na matazamio ya hali mbaya ya hewa kwa siku tano. Matangazo yake huja kwa ngazi tatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Mara nyingi, yale ya pwani hutaja upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita mbili.

Pwani haina kinga kamili

Vimbunga vikubwa ni nadra Tanzania kwa sababu nchi iko karibu na ikweta, ambako nguvu ya mzunguko wa dunia inayosaidia kimbunga kujizungusha ni ndogo. Lakini nadra si kusema haviji. Aprili 1952 kimbunga kilipiga Lindi.

Aprili 2019, kimbunga Kenneth kiliwaweka wakazi wa Mtwara katika hadhari kabla ya kutua Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Aprili 2021, Jobo kilielekea pwani ya Tanzania, lakini kikapungua nguvu kabla ya kufika.

Hidaya hakikupungua mapema kiasi hicho. Kilifika eneo la Mafia Mei 4, 2024, wakati ambao kwa kawaida msimu wa vimbunga huwa unamalizika. Safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisitishwa, na mvua zikakata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi.

Kwa mkulima, wakati huo ulikuwa mbaya. Ardhi ilikwishalowa kwa masika, na ufuta wa Kilwa na Lindi ulikuwa unakaribia kuvunwa. Ufuta uliokomaa hausubiri, kwani maganda yakipasuka kwa upepo mbegu humwagika chini na haziokoteki.

Hesabu ya kubaki nchi kavu

Kiuchumi, utabiri ni pembejeo kama mbegu au mbolea. Thamani yake hupatikana pale tu unapobadilisha uamuzi wa mtu.

Tuchukulie mvuvi mwenye chombo na nyavu za Sh3 milioni, ambaye hubakiwa na Sh30,000 kwa siku baada ya kutoa mafuta na barafu. Akitii matangazo 20 na kubaki nchi kavu siku 20, atakosa Sh600,000. Ikiwa katika siku hizo 20 ni moja tu ambayo ingezamisha chombo chake, bado ameokoa Sh2.4 milioni, bila kuhesabu uhai.

Kwa hiyo tahadhari isiyotimia, kama ilivyokuwa kwa Jobo, si uongo wala hasara. Ni ada ya kinga.

Tatizo ni kwamba ada hiyo hulipwa leo, na kwa familia inayokula kutokana na mavuno ya siku, Sh30,000 ya leo ni chakula cha jioni. Aidha, wanaoingia baharini mara nyingi si wenye chombo. Mabaharia hulipwa kwa mgawo wa samaki waliovuliwa, hivyo wasipotoka hawapati kitu, na wakitoka mwenye chombo anahatarisha mali ilhali wao wanahatarisha maisha.

Ndiyo maana kumhimiza mvuvi asikilize redio hakutoshi. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za bahari (BMU) vinaweza kukubaliana kwamba tahadhari ikitolewa, hakuna chombo kinachotoka. Asiyetoka hatamwona jirani akirudi na samaki peke yake. Mfuko mdogo wa akiba, unaochangiwa siku za neema, unaweza kuwakopesha mabaharia posho ya siku hizo.

Kwa wakulima gharama ni ndogo zaidi. Ufuta ulioanza kukomaa unaweza kukatwa mapema, kufungwa matita na kusimamishwa mahali palipoinuka. Korosho zinazoanikwa wakati wa vuli zihamishiwe ndani, kwani zikilowa daraja hushuka ghalani. Mkulima wa mwani avune kwanza kamba zilizokaribia kutimiza wiki sita.

Yote hayo yanahitaji siku mbili au tatu, na siku hizo zimo ndani ya matazamio ya siku tano. Kinachobaki ni tangazo kumfikia mkulima siku ya kwanza, likimweleza la kufanya shambani, si kasi ya upepo pekee. Tahadhari kabla ya hatari, walisema wahenga, lakini tahadhari nayo ina bei, na ni nafuu zaidi ikilipwa kwa pamoja.