Je, Wajua? Wino Mwekundu wa Ndanda
Kupanga maandishi kwa rangi hakukuanza na simu. Katika misioni ya Wabenediktini ya Ndanda, iliyoanzishwa 1906, padri akifungua misale hukuta wino wa namna mbili. Mweusi ni wa maneno ya kusema. Mwekundu humwelekeza la kutenda: inua kikombe, piga goti. Maelekezo hayo hayatamkwi kamwe! Huitwa rubrika, kutokana na neno la Kilatini la udongo mwekundu.

Programu za madokezo kwenye simu huweza kutumiwa kwa njia ileile: kwa mfano, nyekundu kwa la haraka, kijani kwa lililokwisha.

Majina ya rangi nayo yana asili tamu. Kijani ni jani. Kijivu ni majivu. Manjano ni kiungo kinachotiwa mchuzini.

Wanaume huchanganya nyekundu na kijani mara nyingi zaidi kuliko wanawake, hivyo unapopanga madokezo kwa rangi, ongeza neno kando ya rangi.