Nakshi ya Feleji si Ukali wa Kisu

Kusini-mashariki ya mji wa Chake Chake, kisiwani Pemba, yapo magofu ya Pujini, ngome ya karne ya 15 ambayo masimulizi huihusisha na mtawala Mkama Ndume. Karne tatu kabla yake, mwanajiografia al-Idrisi alikwisha kuandika kwamba watu wa Malindi walichimba chuma na kukifanyia biashara.

Leo kijana wa Pujini atakaye kufua kisu chake cha kwanza aweza kununua pande la feleji, yaani chuma chenye kaboni kidogo, lililokwisha kutiwa nakshi ya mawimbi. Bei yake hushinda ile ya feleji ya kawaida. Je, thamani yake ni nini?

Mhunzi hupanga tabaka za feleji za aina mbili, moja yenye manganizi na nyingine yenye nikeli, akazipasha moto mkali na kuzifua mpaka zikashikamana. Pande likitiwa asidi, tabaka za manganizi huwa nyeusi. Zile za nikeli hustahimili asidi zikabaki nyeupe. Feleji ya kale ya India na Uajemi ilikuwa tofauti: iliyeyushwa katika chungu, na mawimbi yake yalitokana na jinsi kaboni ilivyojipanga ndani yake. Waarabu waliyaita jauhar, neno ambalo katika Kiswahili ni johari.

Hata hivyo, nakshi haikati. Ukali hutegemea kaboni, ambayo yafaa iwe asilimia 0.6 hadi 1, pamoja na moto. Kisu hupashwa mpaka sumaku isikivute, nyuzi 770 hivi za Selsiasi, kikaongezewa moto kidogo, kisha huzamishwa katika mafuta. Hapo huwa kigumu lakini chepesi kuvunjika. Kwa hiyo hupashwa tena, nyuzi 200 hivi.

Basi mnunuzi na aulize pande lina feleji zipi na lataka moto kiasi gani. Tena apige tupa pembeni, asugue kwa msasa, kisha apake asidi kwa uangalifu. Nakshi ya kweli hurudi. Iliyochorwa juu tu hupotea.

Mwanafunzi asiye na fedha nyingi aanze na kipande cha springi ya gari, ambacho aghalabu kina kaboni ya kutosha. Akiharibu, hasara ni ndogo. Akifaulu, amejifunza moto, ambao ndio elimu yenyewe ya mhunzi.