Lugha Kwanza, Mtandao Baadaye: Kutunga Kozi ya Walimu wa Misisi

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili namna ya kutunga kozi ya mtandaoni kwa ajili ya kuwaendeleza walimu wa shule za msingi walio kazini. Mfano tunaoutumia ni Misisi, mji wa wachimbaji dhahabu katika teritwari ya Fizi, mkoa wa Kivu ya Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mara nyingi mjadala wa kozi za namna hii huanzia kwenye vyombo: simu, umeme na intaneti. Hoja yetu ni kwamba mjadala huo hauna budi kuanzia kwenye lugha. Mwalimu wa Misisi anatarajiwa kumfundisha mtoto kusoma kwa Kiswahili, ilhali yeye mwenyewe alifunzwa ualimu kwa Kifaransa. Kozi isiyoliona pengo hilo haitamfaa, hata mtandao ukiwa wa kasi.

2.0 Tatizo la Lugha

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, na Kifaransa kuwa lugha rasmi. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inazipa lugha za taifa na lugha za mazingira ya mtoto nafasi ya kufundishia na ya kufundishwa kama somo. Kwa hiyo Kiswahili hutumika katika madarasa ya mwanzo, kisha Kifaransa hushika nafasi yake. Kutokana na mpango huo, mwalimu anakabiliwa na mambo matatu.

Kwanza ni istilahi. Maneno kama irabu, konsonanti na silabi ni mageni kwa mtu aliyeyasoma hayo yote kwa Kifaransa. Anaijua dhana, lakini hana neno la kuijadilia na mwenzake kwa lugha anayofundishia.

Pili ni tofauti kati ya Kiswahili cha kitabuni na kile cha mitaani. Mtoto aliyezoea kusema "bitu" anakutana kitabuni na "vitu". Akisoma kwa sauti "bitu", je, ameshindwa kusoma, au amesoma sawasawa kwa lafudhi ya kwao? Mwalimu asiyeweza kupambanua mawili hayo atamwadhibu msomaji mzuri. Tena wako watoto wanaofika shuleni wakiwa na Kibembe au lugha nyingine ya nyumbani, na kwao hata Kiswahili hicho ni cha kujifunza.

Tatu ni mpito wa kuingia katika Kifaransa. Herufi "ch" katika neno "chumba" haisomwi kama "ch" ya neno la Kifaransa "chat". Sauti ya "u" ya Kiswahili huandikwa "ou" katika Kifaransa, na herufi "u" ya Kifaransa huwakilisha sauti ambayo Kiswahili hakina. Mambo haya yasipofundishwa waziwazi, mtoto aliyekwisha kujua kusoma huonekana kana kwamba amesahau.

3.0 Mafunzo Kutoka Kwingine

Kumfunza mwalimu akiwa mbali na chuo si jambo jipya. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, Tanzania iliandaa zaidi ya walimu 35,000 kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na wakufunzi waliowafikia huko huko vijijini, huku wanafunzi hao wakiendelea kufundisha. Mpango wa IFADEM, uliobuniwa na jumuiya ya nchi zinazotumia Kifaransa na ambao umewahi kuendeshwa pia nchini Kongo, nao huchanganya vijitabu, wakufunzi, mikutano ya ana kwa ana na vyombo vya kidijitali. Lakini shabaha yake kuu ni ufundishaji wa Kifaransa. Mpango wa TESSA, ulioanza mwaka 2005 chini ya Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, umetoa moduli za walimu kwa lugha nne, Kiswahili kikiwamo. Katika mifano yote hii chombo hubadilika, lakini nguzo mbili hubaki: mkufunzi anayejulikana, na zoezi linalofanyika darasani.

4.0 Muundo Unaopendekezwa

Kila juma liwe na somo moja: kurasa mbili za maandishi na sauti ya dakika tano. Somo lipakuliwe mara moja, lihifadhiwe katika simu, na liweze kupitishwa kwa mwenzake asiye na kifurushi cha intaneti. Mtandao utumike kupokea somo na kupeleka ripoti, usiwe sharti la kusoma.

Baada ya kusoma, mwalimu alijaribu darasani, kisha alijadili na wenzake katika kikao cha kitaaluma cha shule. Istilahi mpya ziwekwe kwa Kiswahili na Kifaransa sambamba, zisizidi tano kwa somo.

Upimaji nao usiishie kwenye maswali ya kuchagua jibu. Mwalimu aandike ubaoni sentensi ambayo wanafunzi hawajapata kuiona, aguse maneno bila mpangilio, na aeleze nani alisoma na nani alikuwa akikariri. Tangu elimu ya msingi ya umma ilipotangazwa kuwa bila malipo mwaka 2019, madarasa mengi nchini yamefurika, na katika darasa kubwa sauti ya pamoja humficha asiyejua.

5.0 Hitimisho

Mtoto anayepita madarasa mawili akikariri huingia katika Kifaransa bila msingi wowote, na katika mji wa dahabu machimbo hayako mbali na mlango wa shule. Ndiyo maana kozi hii haiwezi kuachiwa wataalamu wa kompyuta peke yao. Istilahi za kufundishia kusoma, na uchunguzi wa Kiswahili cha Fizi kama kinavyosemwa na watoto, ni kazi ya idara za Kiswahili. Zikianza hizo, simu itakuwa na jambo la maana la kubeba.