Karoti zilizolegea zina supu bado

Mzigo ukilala Namanga siku mbili, karoti hulegea na vitunguu huanza kuota. Mteja wa Nairobi havitaki, nawe unaona mtaji unaingia jaani. Usivimwage vyote. Vilivyooza tupa; vilivyonyauka tu vioshe. Katakata karoti tatu na vitunguu viwili, ongeza kitunguu saumu, pilipili manga na mabua ya giligilani (ng'ambo ya pili wataiita dania). Mimina lita mbili za maji baridi, chemsha, kisha punguza moto yatokote taratibu dakika 45. Kabichi iache, hutawala sufuria nzima kwa harufu. Chuja. Chumvi utaweka wakati wa kupika wali au maharage. Kwenye friji hukaa siku tatu. Kama huna, pikia leo.