Unapochangia, nani anaona jina lako?

Baada ya mavuno, wafanyabiashara wa mpunga wa Ifakara hutoa sadaka. Gunia kwa kituo cha yatima halina neno. Fedha kwa shirika linalotetea wakulima katika migogoro ya ardhi Bonde la Kilombero ni habari nyingine: jina likivuja, leseni ya mtoaji iko mezani kwa ofisa.

Kanuni za mwaka 2018 zilitaka shirika linalopokea zaidi ya Sh. milioni 20 litangaze magazetini chanzo cha fedha hizo. Agosti 2020 Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu ulisimamisha shughuli baada ya akaunti zake kufungiwa.

Simu nayo si siri, kwani laini husajiliwa kwa alama za vidole. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inambana mtunza orodha, lakini inaacha mlango wazi kwa usalama wa taifa.

Kabla ya kutuma, uliza orodha ya wachangiaji inakaa kwa nani. Wengine huchanga kupitia parokia au msikiti. Shirika hupokea fungu moja, bila majina. Anayetaka nafuu ya kodi, hata hivyo, atahitaji stakabadhi yenye jina lake.