Je, Wajua? Kwa Nini Redio ya Lori Hunyamaza Kwenye Barabara Mbovu

Mtikisiko huua redio za malori haraka kuliko uzee. Barabara ya changarawe iliyofanya migongo midogo midogo kama bati huitikisa kebini mara nyingi kwa kila sekunde, na mtikisiko huo hufika hadi kwenye lehemu inayoshikilia vipuri vya ndani. Lehemu ikichoka hupata ufa mwembamba, aghalabu usioonekana kwa macho. Hapo redio hunyamaza ghafla, ikapigwa kofi ikaimba tena. Kofi halijatengeneza kitu. Limezikutanisha tu ncha zilizoachana, nazo zitaachana tena kwenye shimo linalofuata.

Mara nyingi, hata hivyo, kosa liko nje ya redio. Soketi ya nyuma hulegea, waya wa hasi hauishiki bodi vizuri, antena hula kutu shinani. Fundi mzuri hukagua hayo, pamoja na fyuzi, kabla ya kuifungua redio yenyewe.

Kisha kuna umeme. Malori mengi makubwa hutumia volti 24 kutoka betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa mfuatano, ilhali redio nyingi za madukani ni za volti 12. Kuiunganisha redio kwenye betri moja tu ni njia ya mkato yenye gharama: betri hiyo hubaki na chaji pungufu, na mwenzake hujazwa kupita kiasi. Kinachofaa ni kifaa cha kupunguza volti, tena kilichokazwa kwa skrubu. Kikiachwa kining'inie kwenye waya, nacho kitakufa kwa mtikisiko uleule.