Nusu kilo inakwenda wapi? Uaminifu wa kazi kwenye mizani ya korosho

Msimu wa korosho unapofunguliwa mwezi wa Oktoba, wakulima wa Mtwara, Lindi, Ruvuma na Pwani hupeleka mazao yao kwenye ghala la chama cha msingi, yaani AMCOS. Hapo hukutana na mtu asiyetajwa sana kwenye habari za minada: karani wa mizani. Yeye ndiye anayesoma uzito, kuuandika na kukata risiti. Kazi yote ya palizi na kupulizia salfa inaishia kwenye tarakimu anayoiandika yeye.

Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza kutumika kwenye korosho msimu wa 2007/2008. Korosho hupimwa kwenye chama, husafirishwa hadi ghala kuu, hupimwa tena, kisha huuzwa kwa mnada. Mkulima hulipwa baadaye. Siku zote hizo za kusubiri, alichonacho mkononi ni ile karatasi tu.

Udanganyifu wa mizani hauhitaji kubeba magunia usiku. Ni mdogo mno. Mshale unaonyesha kilo 83 na nusu, karani anaandika 83. Gunia tupu lina uzito wa karibu kilo moja, lakini zinakatwa mbili. Au mshale ulikuwa chini ya sifuri kabla gunia halijapakiwa, na hakuna aliyetazama. Mkulima mwenye magunia 20 akipunjwa nusu kilo kwa kila gunia, amepoteza kilo 10. Tuseme bei ya mnada ni shilingi 3,000 kwa kilo: hizo ni shilingi 30,000. Chama kikipokea magunia 200 kwa siku, zinabaki kilo 100 ghalani zisizo na mwenyewe.

Sasa, kilo zisizo na mwenyewe hazilipwi. Malipo hufuata jina na akaunti. Ili zigeuke fedha, lazima ziandikwe kwa mtu: ndugu, rafiki, hata mtu asiye na mkorosho mmoja. Anayeandaa orodha ya malipo naye ataliona jina hilo, na ataamua kusema au kunyamaza. Ndiyo maana wizi huu ni mgumu kufanywa na mtu mmoja peke yake, na ndiyo maana orodha ya malipo inafaa kutazamwa kwa makini kama mizani yenyewe. Kijijini tunajuana. Jina la mtu asiye na shamba, mbele yake kilo 900, halijifichi likisomwa hadharani.

Hata hivyo tusimwone kila karani mwizi. Korosho ambazo hazijakauka vizuri hupungua uzito zikikaa. Huo ndio unyaufu. Ghala kuu likipima pungufu, wa kwanza kuulizwa ni karani, na wapo wanaokatwa mshahara kwa ajili hiyo. Karani anayejua atakatwa huanza kujikinga: anapunja kidogo kila gunia, eti ya akiba. Hakuanza kwa nia ya kuiba. Lakini msimu unaisha, akiba imebaki, na hakuna anayeiulizia. Kwa maoni yetu, chama kinachomkata karani bila kuchunguza upungufu umetoka wapi kinamfundisha kupunja. Ni afadhali mkutano mkuu ukubaliane wazi gunia likatwe kiasi gani na unyaufu uhesabiweje, kisha iandikwe ubaoni karibu na mizani. Kilo zikizidi mwisho wa msimu, ziandikwe kuwa mali ya wanachama.

Nasi wakulima tujitazame. Anayechanganya kokoto au korosho mbichi anawaumiza wenzake, kwa sababu mnadani mzigo huuzwa kwa pamoja. Korosho kavu ukizitikisa hutoa mlio mkavu. Karani anayekataa gunia bichi huambiwa anaringa, wakati pengine ndiye mwaminifu kuliko wote hapo ghalani.

Siku ya kupima, simama mahali unapoiona namba. Hakikisha mizani, iwe ya mshale au ya kidijitali, inasoma sifuri kabla ya kupakia. Tafuta stika ya Wakala wa Vipimo, na uone kama ni ya mwaka huu. Ukiwa na shaka, omba upimwe mfuko wa saruji wa kilo 50 ambao haujafunguliwa. Risiti ipige picha kwa simu yako kabla haijalowa au kupotea. Tatizo likibaki, lipeleke kwenye bodi ya chama, kwa afisa ushirika wa wilaya, au Wakala wa Vipimo.

Kwenye mkutano mkuu, hesabu zinaposomwa, mwanachama ana haki ya kunyoosha mkono na kuuliza: tulipokea kilo ngapi, ghala kuu lilipima ngapi, na tofauti imeandikwa kwa jina la nani?